Kuku mwenye soksi za buluu: uzoefu wangu na washauri wa mazingira, Bagamoyo

Aliyetuponza ni kuku. Kuku wa jirani alivuka mtaro wetu asubuhi, akatokea upande wa pili miguu buluu, kama kavaa soksi. Mwenye kuku hakucheka. Alimkamata na kumbeba hivyo hivyo hadi kwa mjumbe, na wiki haijaisha tukapokea barua ya halmashauri: afisa mazingira atakuja kuangalia maji tunayomwaga, tuwe na nyaraka zetu za mazingira tayari.

Sisi ni kikundi cha batiki, wanawake 14, hapa Bagamoyo upande wa Dunda, na mimi ni katibu. Tunafanyia kazi uani kwa mwenyekiti wetu tangu mwaka 2014. Nyaraka tulizokuwa nazo ni katiba, cheti cha usajili tulichoombea mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, na daftari la mahudhurio lililolowa chai. Nyaraka za mazingira ndiyo kwanza tunazisikia.

Naandika kwa sababu vikundi vingine vinaniuliza kila siku mlimtumia nani. Tulitumia washauri wawili, na majina sitaji, ya yule aliyetutia hasara wala ya waliotufaa. Mkitaka tangazo mtalipata kwingine.

Wa kwanza alitoka Dar es Salaam. Uani hakuingia, alisimama barazani na begi lake la kompyuta, akatuambia tunahitaji Tathmini ya Athari kwa Mazingira nzima nzima, milioni nne na nusu, nusu yake mkononi kabla ya kazi, la sivyo tutafungiwa. Mwenyekiti akamuuliza hiyo tathmini inafanywaje. "Hayo ni ya kitaalamu, bibi." Tulimpa shilingi 80,000, za mafuta na za fomu. Mafuta nadhani yaliungua. Fomu hatujaiona mpaka leo.

Wa pili ni ofisi ndogo ya vijana watatu wanaosaidia vikundi, shule na zahanati kuelewa sheria za mazingira. Bei yao ilikuwa 350,000 kwa awamu mbili, nauli juu yetu. Aliyekuja ni dada mmoja, akaamkia kina mama wote mmoja mmoja, akavua viatu na kuomba kuona sufuria. Siku ile hakuandika kitu. Alikaa nasi tangu kuyeyusha nta, kugonga mihuri, kutia rangi, hadi kuchemsha kitambaa nta itoke.

Jioni ndipo akatueleza. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, tathmini ya athari hufanywa kabla mradi haujaanza. Aliyekwisha kuwa kazini, habari yake ni ukaguzi wa mazingira, jambo jingine kabisa. Tena kanuni zilirekebishwa mwaka 2018, miradi ikapangwa kwa madaraja, mikubwa A, midogo B2, na B1 ikiwa katikati, na anayeamua uko daraja gani ni NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, si mshauri unayemlipa. "Mtu akikutajia bei hajajua daraja lako," alisema, "huyo anakuuzia kiatu hajakuuliza namba." Mwenyekiti akanitazama. Mimi nikatazama chini, maana zile 80,000 nilizihesabu kwa mkono wangu.

Makaratasi yenyewe, kuandika maelezo ya shughuli zetu, kuyapeleka, kurudishiwa na kuyapeleka tena, yalichukua miezi minne. Sina la kusimulia hapo.

La kusimulia ni la uani. Alikuja na karatasi za kupimia pH, yaani maji ni tindikali au yana ukali kama wa magadi, vipande vyembamba vya njano: 7 ni katikati, na namba ikipanda juu ya hapo ndivyo ukali wa magadi unavyozidi. Alichovya kimoja kwenye chupa ya maji ya bahari, kikageuka kijani, akasema hiyo ni 8. Akachovya kingine kwenye ndoo yetu ya maji yaliyobaki baada ya kutia rangi. Kikawa zambarau tii. 13. Tukafikiri rangi ya kitambaa ndiyo imeingia kwenye karatasi, akachukua maji meupe ya suuza ya kwanza, yasiyo na rangi ya kuonekana. Zambarau vilevile. Ni kostiki, ile soda kali tunayochanganya kwenye rangi. Miaka yote tulikuwa tukisubiri maji yatulie na rangi ipungue ndipo tumwage, tukijiona wastaarabu, kumbe rangi ile ilitufichua tu kwa jirani. Kinachounguza hakina rangi, na kilikuwa kinashuka na mtaro kwenda baharini.

Akaona pipa mlangoni. "Bibi, pipa hili la nini?"

"La maji ya kuogea, mwanangu."

Lilikuwa pipa la haidrosi, unga wa kemikali tunaotia pamoja na kostiki ili rangi ikolee kwenye kitambaa. Mengine tulikwisha kuwauzia majirani, 15,000 moja, na yalikuwa yakigombewa. Dada yule hakutukaripia, alikaa kimya kidogo, kisha akasema chombo kilichobeba kemikali ni taka hatarishi, kina kanuni zake za 2021, na hakiuzwi kwa mtu wa kuwekea maji. Kazi ya kuzunguka kuyafuata yale mapipa na kurudisha hela za watu nilipewa mimi. Mama mmoja alikataa katakata, akidhani nimepata mteja wa bei kubwa.

Haidrosi hiyo hiyo ndiyo iliyotutisha masika ya mwaka uliotangulia, kiroba kilipoanza kufuka moshi peke yake usiku, stoo nzima ikinuka kiberiti. Tulisoma Ayatul Kursi, tukakitoa nje kwa mti mrefu. Kumbe haidrosi ikipata unyevu hujipasha moto yenyewe, na sisi tulikuwa tumeiweka sakafuni, kando ya mtungi. Sasa iko juu ya kichanja, kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, ndoo za maji upande wa pili wa ua.

Maji tunayashughulikia hivi: tunaanza rangi nyepesi na kumalizia nzito ili maji yale yale yatumike tena, nta tunaiacha igande juu tuiopoe irudi sufuriani (hapo tumeokoa hela, sisemi uongo), na kostiki iliyobaki tunaipunguza ukali kwa tindikali ya ndimu ya unga, kidogo kidogo huku tukipima, mpaka karatasi isome kati ya 7 na 8. Ndipo yanaingia kwenye matangi mawili yatulie. Tope linalobaki linakaushwa na kuwekwa pembeni, mtaroni haliendi.

Walitubandikia pia ukutani karatasi moja ya nani anauliza nini. NEMC na afisa mazingira wa halmashauri: maji, taka, kelele. Mkemia Mkuu wa Serikali: kemikali zenyewe, kwa sheria ya 2003. OSHA, wakala wa usalama na afya kazini: glovu, barakoa, usalama wa aliye kazini. Zimamoto: kile kizimia moto. Kabla ya hapo kila aliyekuja na kitambulisho shingoni tulimwita "mtu wa mazingira", tukamkaribisha chai na kumwonyesha risiti isiyomhusu.

Walituokoa na kosa jingine bila kutudai hata senti. Tulikuwa na mpango wa banda la kuuzia watalii ufukweni, mbao tumeshanunua. Dada akavuta futi kamba kutoka pale maji ya bamvua yanapofika: mita 41. Sheria inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mbao zikageuka vichanja vya stoo.

Sasa lawama. Ripoti yao ya kwanza ilikuja kwa Kiingereza, kurasa 38, kwa kikundi ambacho nusu ya wanachama walimaliza darasa la saba. Nilipiga simu nikaomba ya Kiswahili. Wiki tatu simu haipokelewi, ikipokelewa "nitakurudia mama". Ilipofika ilikuwa kurasa nne, na ndiyo pekee inayosomwa. Mkienda kwao au kwa wengine, dai la Kiswahili liandikeni kwenye makubaliano kabla ya awamu ya kwanza.

Jingine ni matangi. Walituchorea vizuri, vipimo vyote, ila wakasahau paa. Masika ilipoingia yalijaa siku ya pili, yakamwagikia mtaroni na kazi yetu yote. Niliwaambia, wakakiri, wakachora paa bure, lakini mabati tumenunua wenyewe. Kwa hilo nawatoa nyota moja, zinabaki nne. Awamu ya pili tuliwalipa baada ya paa kupigwa, mwenyekiti alikataa kabla ya hapo. Afisa mazingira amekuja mara mbili tangu hapo. Mara ya pili aliomba karatasi achovye mwenyewe, na tulikuwa tumezimaliza, ikabidi nimkimbilie yule dada kwa bodaboda.