Kwenda JKIA: lini upite juu, lini upite chini

Siku hizi dereva wa teksi Nairobi hakuulizi unakokwenda. Programu ya simu imeshamwambia ni uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA). Anachouliza ni hiki: "Tupite juu ama chini?" Juu ni Nairobi Expressway, barabara ya kulipia ambayo sehemu kubwa yake imeinuliwa kwenye nguzo juu ya Mombasa Road. Chini ni Mombasa Road yenyewe, isiyo na ada. Abiria wengi hujibu kwa kupiga hesabu ya ada tu, na hesabu hiyo haitoshi. Kinachoamua ni unatokea upande gani wa jiji na ni saa ngapi.

Barabara yenyewe ina urefu wa kilomita 27.1, kutoka Mlolongo hadi Waiyaki Way upande wa Westlands, karibu na makutano ya James Gichuru Road. Magari yaliruhusiwa kuipita kwa majaribio tarehe 14 Mei 2022, ikazinduliwa rasmi Julai 31 mwaka huohuo. Imejengwa na China Road and Bridge Corporation na inaendeshwa na kampuni ya Moja Expressway kwa mkataba wa miaka 27, ambamo gharama ya ujenzi inarudishwa kwa ada za madereva. Ndiyo maana bei zake hazikai mahali pamoja: shilingi ya Kenya ilipoporomoka mbele ya dola, ada za gari dogo zilitoka kati ya shilingi 120 na 360 zikawa kati ya shilingi 170 na 500 kuanzia Januari 2024. Unalipa kulingana na umbali, toka kituo ulichoingilia hadi ulichotokea. Magari makubwa hulipa zaidi.

Kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa ni kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo, barabara nzima inamalizika kwa dakika 20 na ushei, na JKIA iko kabla ya mwisho wake ukitokea Westlands. Kwa hiyo kutoka Westlands hadi kituo cha kulipia cha JKIA, robo saa hadi dakika 20 ni makisio ya haki, iwe saa 4 asubuhi au saa 11 jioni. Ada yako inanunua hasa huo uhakika. Huko chini safari hiyohiyo inaweza kuwa ya dakika 35 Jumapili asubuhi na ya saa moja na nusu Ijumaa jioni mvua ikinyesha, na hakuna anayeweza kukuambia mapema itakuwa ipi.

Malipo ni ya namna tatu. Ya kwanza ni kifaa cha kielektroniki kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele. Kizuizi kinainuka chenyewe ukikaribia. Ya pili ni kadi uliyoijaza pesa kabla, unaigusisha ukiingia na ukitoka. Ya tatu ni pesa taslimu: unapewa kadi kituo cha kuingilia, unaitunza, unairudisha na kulipa unapotokea. Kosa linalorudiwa kila siku ni dereva mgeni kujipanga kwenye mstari wa vifaa vya kielektroniki kwa sababu hauna foleni. Kizuizi hakiinuki, nyuma kuna magari matatu yanapiga honi, na hakuna pa kugeukia. Soma ubao ulio juu ya kila mstari ukiwa bado mbali. Kama ni pesa taslimu, iwe mkononi kabla ya kufika dirishani, na ziwe noti ndogo. Kile kikadi cha kuingilia kisiwekwe mfukoni pamoja na stakabadhi nyingine. Mahali pake ni kwenye kishikio cha kikombe katikati ya viti au juu ya dashibodi, mahali ambapo mkono unafika bila macho kutoka barabarani.

Bodaboda na tuktuk haziruhusiwi juu, wala watembea kwa miguu. Kusimama kushusha abiria ni marufuku. Ukipita njia ya kutokea, usirudi nyuma hata hatua moja. Ukiikosa njia ya JKIA ukitokea mjini, kituo kinachofuata ni Syokimau, kisha Mlolongo. Utalipa kidogo zaidi na kurudi kwa njia ya chini, na hilo linaweza kukula dakika 20 hadi 40. Kwa hiyo ukishapita eneo la Eastern Bypass, kaa upande wa kushoto na ufuate mabango ya JKIA. Usingoje ramani ya simu ikuambie: barabara mbili zikiwa moja juu ya nyingine, simu mara nyingi haijui uko ipi, na inaweza kukuamuru ugeuke mahali ambapo kwako ni ukingo wa zege.

Nani hasa apite juu? Anayeshuka na Waiyaki Way kutoka Naivasha, Limuru, Kikuyu au Kangemi, bila kusita. Anaingilia Westlands na kuuruka mji mzima: Museum Hill, Uhuru Highway, Haile Selassie, mzunguko wa Nyayo, Bellevue na General Motors, yaani kila mahali ambapo safari ya JKIA huwa inafia. Wa Parklands, Kileleshwa na Lavington vivyo hivyo. Anayetoka katikati ya mji apite juu kati ya saa 12:30 na saa 3:30 asubuhi, na kati ya saa 10 alasiri na saa 2 usiku. Nje ya saa hizo, hasa Jumamosi alasiri na Jumapili, chini kunapitika vizuri.

Wa Thika Road wasidanganyike. Kutoka Roysambu, Kasarani au Ruiru kuingia hadi Museum Hill ili upande Expressway ni kulipia msongamano mara mbili: unaukuta kwanza Pangani, halafu unatoa pesa. Outer Ring Road inakushusha moja kwa moja hadi eneo la Taj Mall (jengo lilibomolewa 2018, jina limebaki) na Cabanas. Wa Ruiru na Kahawa wana Eastern Bypass inayopita Utawala. Wa Lang'ata na Karen nao wana Southern Bypass, inayoungana na Mombasa Road karibu na Ole Sereni. Kutoka hapo hadi uwanjani kumebaki kipande kifupi, na kupanda juu kwa kipande hicho kuna maana saa za jioni tu.

Usiku wa manane hadi saa 11 alfajiri, barabara ya chini haina foleni. Hata hivyo dereva akikuomba mpite juu saa hizo, mkubalie. Juu hakuna mtu anayevuka, hakuna lori lililoharibika bila taa, hakuna matatu inayosimama ghafla. Kwa mwenye ndege ya saa 10 usiku, hilo lina thamani yake.

Kwenye teksi za programu, Uber, Bolt, Little na nyinginezo, ada ya barabara ni jambo la kukubaliana kabla gari halijaondoka. Bei uliyoonyeshwa inaweza kuwa imeihesabu au haikuihesabu kabisa. Uliza: "Ada ya Expressway iko ndani ya bei ama nalipa kando?" Ukilipa kando, mpe dereva kiasi hicho hapo dirishani na uchukue stakabadhi inayotolewa, ili mwisho wa safari kusiwe na hesabu mbili. Kuna jambo jingine: madereva wengi wanapendelea kulipwa kwa M-Pesa au taslimu kuliko kwa kadi ya benki, na akiona umechagua kadi anaweza kughairi safari. Ukiwa na ndege ya alfajiri, ita gari dakika 30 kabla ya muda unaouhitaji, maana huenda likaghairi la kwanza na la pili.

Ukishalipia Expressway ukaiacha nyuma, bado hujafika, na hapa ndipo ratiba za watu zinapoharibika. Kabla ya majengo ya abiria kuna ukaguzi wa usalama. Gari linasimama, abiria wote wanashuka, dereva peke yake anabaki. Mnapita kwa miguu kwenye mashine ya ukaguzi huku gari likikaguliwa kwenye mstari wake, kisha mnapanda tena mbele. Mizigo mikubwa inabaki ndani ya gari. Unashuka na mkoba, simu na pasipoti. Foleni ikiwa fupi ni dakika 5. Jioni, ndege za Ulaya na Ghuba zinapokaribia kuondoka kwa mfululizo, tenga dakika 20 hadi 30.

Kabla ya kushuka, kariri namba ya gari au uipige picha. Upande wa pili yanatoka magari meupe kumi yanayofanana, kila dereva akiashiria, na begi lako liko ndani ya moja tu. Mwenye mtoto aliyelala amwamshe mapema, wakiwa bado kwenye foleni. Mwenye mzee au mgonjwa asiyeweza kutembea amweleze askari mara gari linaposimama, kabla ya watu kuanza kushuka.

Halafu jengo. Watu husema "JKIA" kana kwamba ni mlango mmoja. Terminali 1 imegawanyika kwa herufi: 1A ndiko Kenya Airways inakoondokea kwa safari za nje, 1B na 1C ni za mashirika mengine ya kimataifa, 1D ni ya safari za ndani, za Mombasa, Kisumu na kwingineko. Terminali 2 ni jengo la peke yake, limejitenga na hayo mengine. Herufi hiyo imeandikwa kwenye tiketi. Mwambie dereva mkiwa bado njiani, maana ukishushwa pasipo pako na masanduku mawili, kutembea chini ya jua la saa 7 si mchezo. Mlangoni mwa jengo kuna ukaguzi mwingine wa mizigo, na anayeingia ni mwenye safari tu, kwa hiyo maagano na ndugu yafanyike nje.

Basi piga hesabu kinyumenyume. Kaunta za safari za kimataifa kwa kawaida hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka. Ukitaka muda wa saa mbili nzima ndani ya jengo, ongeza nusu saa ya ukaguzi wa lango, dakika 20 za juu, na muda wa kutoka nyumbani hadi kituo cha kuingilia. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Expressway haikusaidii kitu ukiwa umekwama kwenye barabara ya kuifikia.

Kuna kosa moja ambalo barabara yoyote haiwezi kulitengeneza: kwenda uwanja usio wako. Nairobi ina Wilson pia, kwenye Lang'ata Road, na huko ndiko Safarilink na AirKenya wanakorukia kwenda Maasai Mara, Lamu na kwingine. Tiketi ya JKIA ina herufi NBO, ya Wilson ina WIL. Ukigundua umekosea ukiwa JKIA, Southern Bypass ndiyo njia ya kujaribu, lakini jioni usitegemee muujiza.

Matatu ipo. Namba 34 inapandiwa mjini eneo la Ambassadeur, pale ambapo watu bado wanasema "Hilton" ingawa hoteli hiyo ilifungwa mwishoni mwa 2022. Nauli yake ni ndogo mno ikilinganishwa na teksi, na hupanda mvua ikinyesha na saa za msongamano. Inapita mitaa ya Embakasi, inasimama kila steji, na ratiba yake ni kujaa. Kwa mfanyakazi wa uwanjani au msafiri mwenye begi moja la mgongoni mchana, inafaa kabisa. Kwa mwenye sanduku la kilo 23, utalipia kiti cha pili au utalipakata. Uliza kondakta kabla ya kupanda, "Inafika airport ndani ama inaishia Embakasi?", kwa sababu si kila gari lenye namba hiyo linafika mwisho wa njia. Kwa ndege ya alfajiri, isahau.

Wanaotoka Pwani kwa Madaraka Express wana bahati ambayo wengi hawaitumii. Treni ya saa 9 alasiri kutoka Miritini inafika Nairobi baada ya kama saa 5, na kituo chake kiko Syokimau, upande uleule wa uwanja wa ndege. Mwenye ndege ya usiku wa manane anaweza kuunganisha bila kuuona mji. Kosa ni kufuata umati kwenye treni ndogo ya kwenda mjini, kisha kuanza safari ya kurudi kulekule ulikotoka. Toka nje ya kituo, ita teksi, na safari ni fupi. Hapo hakuna sababu ya kulipia Expressway isipokuwa Mombasa Road imefungwa na ajali. Treni ya usiku, ile ya saa 4, inafika kabla ya mapambazuko na inafaa kwa ndege za asubuhi, lakini usiitumie kwa ndege inayoondoka kabla ya kupita saa nne nzima tangu treni kufika.

Kwa anayekwenda kumpokea mtu, mambo yanageuka. Kuja uwanjani jioni kwa njia ya juu ni rahisi. Kurudi na mgeni kwenda Westlands kwa njia ya juu nako ni rahisi hadi pale mwisho, ambapo magari yote yanashuka kwa pamoja kwenye Waiyaki Way na foleni inarudi nyuma hadi kwenye vituo vya kulipia. Kama unaelekea Ngara au Parklands saa 12 jioni, shukia Museum Hill badala ya kwenda hadi mwisho. Na ukitoka uwanjani, hakikisha umeingia mstari wa kuelekea Nairobi. Mstari wa pili unakwenda Mlolongo, na juu ya nguzo hakuna pa kugeuzia.