Tathmini yangu: kampuni inayotunza jengo letu la ofisi Dodoma (nyota 3 na nusu)

Wakuu habari zenu. Naona wengi mnaulizia hizi kampuni za matengenezo ya majengo, hasa nyie mlioko taasisi za umma ambao mmeshaambiwa muandae mikataba kabla ya tarehe 1 Julai, basi nimeona niandike wa kwetu kwa kirefu. Jina la kampuni siweki maana mkataba bado unaendelea, na jina la ofisi pia siweki. Jengo ni ghorofa nne, liko Dodoma, lilijengwa kwenye ile kasi ya baada ya 2016 serikali ilipotangaza kuhamia huku, mbele vioo, aluminiam kila kona, dari zote jipsamu, na juu paa la kuficha. Mnaopanga kwenye majengo ya TBA, wakala wa majengo wa serikali, mna utaratibu wenu, sisi jengo ni letu wenyewe kwa hiyo bomba likipasuka simu inakuja utawala, na utawala ndo mimi.

Nianze na paa maana hapo ndo hawa jamaa walinikuna. Waliowatangulia walipoingia kitu cha kwanza ilikuwa kupaka rangi ukutani mapokezi, bosi akapita akafurahi, ikaishia hapo. Hawa walipanda juu mwezi wa kumi na moja kabla mvua hazijaanza, wakanipigia simu nipande na mimi nikaone. Gata la zege lote limejaa tope na majani na mifuko, na mdomo mmoja wa bomba la kushushia maji umezibwa na saruji iliyoganda, yaani fundi aliyejenga alimwaga mabaki ya udongo wake pale akaondoka, tangu jengo lifunguliwe hakuna tone lililowahi kupita kwenye lile bomba. Sasa maji yasipopata njia yanapanda chini ya bati yanaingia ndani, na chini yake ni masjala. Misimu yote hiyo tulikuwa tunabadilisha jipsamu ya masjala, tunapaka rangi juu ya doa, mvua ikirudi doa linarudi, mafaili tunayafunika na nailoni, na kibaya zaidi waya za umeme zimepita humohumo darini kwa hiyo mvua ikinyesha sana umeme wa korido nzima unakata wenyewe. Wakaigonga ile saruji na tindo mpaka ikatoka, wakasafisha gata, wakamwaga maji ndoo kwa ndoo huku mwenzao yuko chini anaangalia kama yanatoka, kisha wakaweka wavu kwenye kila mdomo. Masika hii masjala imekaa kavu. Kazi yenyewe haikuhitaji kifaa cha ajabu, ilihitaji mtu wa kupanda na kuangalia, na miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa analipwa kwa kazi ya kupanda na kuangalia.

Hilo ndo tatizo kubwa la majengo ya umma na nasema kwa uchungu kabisa. Hela ya kujenga huwa inapatikana, na ni jambo jema, mwaka 2021 kwa zile hela za mkopo wa UVIKO-19 yalijengwa madarasa 15,000, nchi nzima ilikuwa saiti. Lakini muulize mwalimu mkuu kitasa kikiharibika hela inatoka fungu gani. Matunzo yanakaa kwenye OC, yaani fungu la matumizi mengineyo ya ofisi, na OC ikichelewa au ikikatwa kinachoanza kuondolewa ni matengenezo kwa sababu jengo halilalamiki siku hiyohiyo, posho ndo ina mlalamikaji. Linaharibika taratibu hadi siku linadai ukarabati mkubwa. Na mwisho mbaya zaidi tuliuona Unguja, Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, jengo la Sultani Barghash la 1883, kipande kilidondoka 2012 halafu tarehe 25 Desemba 2020 likaporomoka upande mkubwa likiwa kwenye ukarabati na watu wakapoteza maisha. Jengo linalojulikana dunia nzima lile, sasa ghorofa nne za ofisi huku Dodoma nani atazililia.

Haya turudi kwenye huduma. Upande wa maji nawapa nyota nne. Maji yetu ya visima yana chumvi, mnaoishi huku mnajua sufuria la chai linavyofanya utando mweupe, sasa utando huohuo unaingia kwenye koki na kwenye boya la flashi tenki, boya linashindwa kufunga, maji yanatiririka chooni usiku kucha hakuna anayejua. Fundi wao hakukimbilia kununua mpya, alizifungua akaloweka vile vipande kwenye siki, akasugua na mswaki, vilivyokufa kabisa ndo akabadilisha. Bili imeshuka na inaonekana. Nyota moja nimekata kwa sababu choo cha ghorofa ya chini wanachotumia wananchi bado wanakifikia mwisho wakati ndicho kinachotumika kuliko vyote, mtu ametoka Kongwa au Chemba asubuhi amekaa foleni hadi saa nane, anastahili choo chenye maji na mlango unaofunga kama cha mkurugenzi.

Kitu kingine kizuri ni kwamba waliunganisha watu wa usafi na mafundi. Kwetu mwanzo usafi ulikuwa mkataba wake na ufundi mkataba wake, dada wa usafi anaona bomba linavuja chini ya sinki anaweka ndoo anaendelea na kazi maana hana wa kumwambia. Hawa wakafungua grupu la WhatsApp, anapiga picha, anaandika ghorofa na chumba, fundi anajibu. Wale akina dada ndo macho ya jengo, wanaingia kila chumba kila siku, na ndo wanaolipwa kidogo kuliko wote. Hapa sitaificha kampuni, kuna kipindi mishahara yao ilichelewa sana hadi wengine wakaacha, na kampuni inasema ofisi haijalipa ankara, na ofisi kweli ilikuwa haijalipa kwa sababu fedha haijashuka. Wote wawili wana kosa. Kampuni inayochukua kazi ya serikali inajua malipo yanavyochelewa, ije na mtaji wa kulipa watu wake miezi miwili mitatu, na sisi tusisaini kitu ambacho fungu lake tunajua halina uhakika.

Usalama wamefanya vizuri. Mitungi ya kuzimia moto ilikuwa imening'inia imepitwa na tarehe, wakaipeleka kufanyiwa sevisi, na mlango wa dharura wa nyuma ambao mlinzi alikuwa ameufunga na mnyororo ati wezi wanapita pale, wakaweka kitasa cha kusukuma kwa ndani, nje hakifunguki. Zimamoto walipokuja kukagua hatukuhitaji kujitetea maana kila kitu kilikuwa sawa. Jenereta nalo wanaliwasha kila wiki hata kama umeme haujakatika, na wanaandika kwenye daftari, siku umeme unakata linawaka.

Sasa lifti. Hapa ndo nyota zilipodondoka. Sevisi ya mwezi wanafanya, kupaka grisi na kufuta vumbi wanafanya, ila ilipokufa bodi ya umeme inayoiendesha wakasema spea inatoka nje ya nchi, na kwenye mkataba spea haimo, kwa hiyo lazima tuanze manunuzi upya kwenye NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni, kibali, mzabuni, bei, muda unakwenda. Wiki na wiki lifti imesimama. Nilimkuta mama mmoja mtu mzima ana magongo amekaa kwenye ngazi ya ghorofa ya pili anapumzika, anakwenda ya tatu kufuatilia mafao ya marehemu mume wake. Nikamwambia mama yangu kaa hapohapo, nikapanda nikamleta afisa na faili lake wakamalizana pale kwenye ngazi. Tangu siku hiyo tumeweka meza chini kwa ajili ya wasioweza kupanda, na nataka ibaki hata lifti ikipona.

Kwa hiyo mnaoandaa mkataba, lifti msiichanganye na koki na taa, ipeni mtu wa lifti peke yake mwenye uwezo wa kuleta spea za hiyo chapa yenu, na spea zinazokufa mara kwa mara ziwekewe bei mapema ndani ya mkataba. Ukaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, pia uwekwe wazi ni nani anaulipia. Andikeni muda wa kuitikia simu, bomba lililopasuka saa ngapi, taa iliyoungua siku ngapi. Na michoro! Dai michoro ya jengo kama lilivyojengwa kwa mkandarasi kabla hajaondoka, sisi hatuna hadi leo, mafundi wanatoboa ukuta kwa kubahatisha bomba limepita wapi, tumeshakatiwa nyaya za intaneti kwa ajili hiyo.

Na sisi wafanyakazi wa ndani tuache kuchomeka hita ya chai kwenye ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine, soketi zimeungua ofisi mbili, fundi hana dawa ya hilo.

Mkataba unaisha 30 Juni. Nimeshaandika dokezo waongezewe mwaka kwa paa, maji, umeme na usafi, lifti iondolewe, na kuwe na kipengele cha mishahara ya wasafishaji kulipwa kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi. Dokezo liko mezani kwa mkurugenzi, anayetaka nakala ya hadidu za rejea anicheki nimtumie.