Tulilipia chemchemi za Fuji, tukaonyeshwa bwawa la kuchimbwa

Maji ya Oshino hayana kosa, niliseme hilo mapema. Hasira zangu zote ni za yule mwongoza watalii mwenye kibendera cha njano na kampuni iliyomtuma, ambayo siitaji jina maana sitaki maneno.

Oshino ni kijiji cha mkoa wa Yamanashi, Japani, jirani na Mlima Fuji. Theluji na mvua ya mlimani huzama ardhini, ikachujwa miaka na miaka ndani ya miamba ya volkeno, kisha maji yakaibuka kijijini kwenye vidimbwi vinane, Oshino Hakkai. Mahujaji wa zamani walijitakasa hapo kabla ya kuupanda mlima, na mwaka 2013 vidimbwi hivyo viliingia pamoja na Fuji kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Hicho ndicho kilichotutoa Tokyo alfajiri na usingizi wetu machoni.

Kushuka tu, kibendera kikatimua mbio. Tukapitishwa katikati ya duka la zawadi, tukatokezea kwenye bwawa la duara: maji ya buluu, samaki, kina cha kutia kizunguzungu. Akatangaza kwamba ndiyo chemchemi yenyewe, tupige picha, tuna dakika 40. Tukapiga. Mzee mmoja wa kundi letu akafumba macho kabisa, akaomba dua.

Sasa, tulikuwa na mama mmoja ambaye hapiti kibao bila kukisoma. Akasimama mbele ya ramani ya kijiji, akahesabu, akarudia kuhesabu. Bwawa letu, Nakaike, halimo kwenye vile vinane! Limechimbwa na watu. Sawa, maji yake ni ya chini ya ardhi vilevile, na kwa uzuri ni zuri, sibishi. Lakini si tulicholipia.

Mama akamfuata kijana kwa adabu zote, akamuuliza vile vinane viko wapi. Kijana hata usoni hakumtazama. Macho kwenye saa, akajibu kwamba wageni wote hulipenda hili kwa sababu linatoka vizuri kwenye picha. Mama alipouliza mara ya pili, akampa mgongo, akaanza kutupigia makofi tuharakishe. Watu wazima, wengine wana wajukuu, tunaswagwa kama kuku! Hapo ndipo damu ilinichemka, na hadi naandika haijapoa.

"Wanangu, twendeni wenyewe," mama akasema. Tukamfuata.

Na ajabu ni kwamba hapakuwa mbali hata kidogo. Wakuike, kimojawapo cha vile vinane, kiko hatua chache tu kutoka pale tulipoachwa tukizungushwa dukani. Unaona hadi chini kabisa, mimea ya majini ikicheza polepole, na sarafu za watu wasiosikia, maana kurusha sarafu kumekatazwa. Kagami-ike, ambacho siku tulivu huakisi Fuji, kwetu kiliakisi mawingu. Sikujali. Sokonashi-ike kiko ndani ya makumbusho ya Hannoki Bayashi, kwa kiingilio, tukakiruka. Deguchi-ike, kikubwa kuliko vyote, kimejitenga na vingine saba na ndicho nilichokitaka hasa, lakini honi ya basi ilishaanza kulia.

Nilikaa chini niandike kwamba ziara nzima ni wizi. Si wizi. Dereva alikuwa mtu wa heshima, alitungoja bila kununa, na yale maji ningeyaendea tena kesho. Lakini nikikumbuka yale makofi nasema ni wizi, tena wa mchana. Oshino nendeni, msiache. Pandeni basi la kawaida kutoka stesheni ya Fujisan, mkae mtakavyo, muanzie Deguchi-ike ambako makundi hayafiki kwa wingi.

Juzi kampuni imeniletea barua pepe kuniomba nyota tano. Nilikuwa nimekusudia mbili, moja ikiwa ya dereva. Kisha nikaona picha waliyoipamba nayo barua yao: Nakaike, na chini yake wameandika "chemchemi takatifu". Nimempa dereva yake, wao sina cha kuwapa.