Historia ya klabu ya futiboli ya vijijini Australia: magazeti ya Trove au madaftari ya vikao?

Ukiandika historia ya klabu ya futiboli ya Kiaustralia (si soka) kama Sea Lake Nandaly ya jimbo la Victoria, iliyotokana na miji miwili kuunganisha timu, vyanzo vikuu ni viwili.

Trove, hazina ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Australia, ni bure, na hapo utapata matokeo ya mechi, vikosi na fainali za Septemba. Shida yake ni kwamba kompyuta husoma vibaya chapa iliyofifia, hivyo tafuta jina la mchezaji kwa tahajia kadhaa. Kila matokeo yapigie hesabu: 10.12 (72) ni magoli 10 mara 6, ongeza pointi 12, moja moja, za mipira iliyopita kati ya nguzo ya goli na nguzo ya pembeni. Jumla ikikataa, tazama gazeti la mji wa wapinzani. Nalo litakuwa na chumvi yake. Magazeti mengi kwenye Trove yanaishia 1954 kwa sababu ya hakimiliki. Ya baadaye yasome kwenye mikrofilamu (picha ndogo za kurasa, husomwa kwa mashine) katika maktaba ya jimbo, Melbourne.

Madaftari ya vikao hayakupi mechi. Yanakupa madeni, vibali vya wachezaji, mabishano ya rangi za jezi na kura ya kuungana. Ila makatibu ni watu wa adabu: “lilijadiliwa kwa kirefu” mara nyingi maana yake watu waligombana. Tena madaftari huungua au huhama na katibu, kwa hiyo piga picha kila ukurasa siku hiyohiyo.

Anza na Trove upate mifupa ya miaka, kisha madaftari.