Viza walinipatia, kodi wakaniachia mwenyewe

Nyota tatu kati ya tano, na ya tatu ni ya yule dada wa mapokezi aliyekuwa akijibu ujumbe hata Jumapili usiku. Jina la wakala naliweka kando. Kilichonipata kwao kinaweza kukupata kwa wakala yeyote anayeuza viza bila ushauri wa kodi.

Mimi ni mhariri wa video, nimeajiriwa na kampuni ambayo haina hata dawati moja Uhispania. Niliingia nchini humo mwezi Machi kama mtalii, siku 90 mkononi, nikitaka kuomba nikiwa hukohuko ile ruhusa ya wafanyakazi wa mbali iliyoletwa na Sheria namba 28 ya mwaka 2022. Ukiomba ubalozini unapewa viza ya mwaka mmoja. Ukiomba ukiwa ndani, unaweza kupata kibali cha hadi miaka mitatu. Haya walinieleza kwenye simu ya kwanza, bila malipo, nikaona hapa nimefika.

Kwenye makaratasi sina neno nao. Walinipa orodha, wakaifuatilia mstari kwa mstari: barua ya kuthibitisha kwamba nimefanya kazi na mwajiri wangu miezi mitatu au zaidi, ushahidi kwamba kampuni yenyewe ina angalau mwaka mmoja wa shughuli, shahada au uzoefu wa miaka mitatu, kipato kisichopungua mara mbili ya kima cha chini cha mshahara cha Uhispania. Cheti cha tabia njema nilikileta kikiwa na tafsiri ya rafiki yangu anayejua Kihispania vizuri. Wakakirudisha siku hiyohiyo: kinatakiwa apostili, yaani muhuri wa kuthibitisha hati ili ikubalike nchi nyingine, na tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa. Nilinuna, lakini walikuwa sahihi. Serikali ina siku 20 za kazi za kujibu. Mimi nilijibiwa siku ya 17, nimekubaliwa.

Wamemla ng'ombe mzima, mkia ukawashinda.

Mkia wenyewe ulianzia kwenye karatasi moja waliyoniambia nimpelekee mwajiri aisaini. "Utaratibu tu," walisema. Bosi wangu, mtu asiyesoma barua ndefu, akasaini. Kumbe ilikuwa ahadi kwamba kampuni itajisajili kwenye hifadhi ya jamii ya Uhispania na kunilipia michango huko. Mchango wa mwajiri ni karibu asilimia 30 juu ya mshahara. Watu wa rasilimali watu walipolijua hilo, nilipigiwa simu tatu asubuhi moja. Kama kungekuwa na mkataba wa hifadhi ya jamii kati ya Uhispania na nchi ya kampuni yetu unaokubali hali kama yangu, cheti cha kuonyesha kwamba nachangia kwingine kingetosha. Kwetu hakikuwepo. Kampuni ikasajiliwa, mimi nikaingizwa mwezi Juni, ila tangu siku hiyo bosi hanitumii tena vichekesho. Wakala angetumia dakika tano tu kueleza ile karatasi ni nini.

La kodi ndilo lililonikatia nyota. Nilipouliza, niliambiwa: "Ukishapata kibali, kodi itajipanga." Kibali kinakuruhusu kukaa, hakisemi unalipa kodi wapi. Croatia imeandika kwenye sheria zake kwamba mwenye kibali cha aina hii hatozwi kodi ya kipato kwa kazi anayomfanyia mwajiri wa nje, na nadhani watu wengi wameichukua habari hiyo wakaibandika kila nchi. Uhispania haiko hivyo. Ukipitisha siku 183 ndani ya mwaka wa kalenda, wewe ni mkaazi wa kikodi, na kipato chako cha dunia nzima kinawahusu watu wa kodi wa huko. Tena hawahesabu siku peke yake. Hutazama pia kitovu cha uchumi wako kiko wapi, na mwenzi na watoto wadogo wanaishi wapi. Na mwaka haugawanywi: ni mkaazi mwaka mzima au si mkaazi kabisa. Ningeingia Agosti badala ya Machi, nisingefikisha siku hizo mwaka wa kwanza. Hakuna aliyenitajia tarehe.

Mwishoni mwa Novemba nikamtafuta mwenyewe mshauri wa kodi, mzee mmoja mkavu, hana hata tovuti. Swali lake la kwanza: "Huko ulikotoka bado una nyumba inayokusubiri?" Mikataba ya kuepuka kutozwa kodi mara mbili, nchi mbili zikikugombania, huanza kutazama makazi ya kudumu, kisha mahali maisha yako yalipojikita. La pili: je, nasaini mikataba kwa niaba ya kampuni? Ningekuwa nasaini, kampuni yenyewe ingeweza kuhesabiwa kwamba ina kituo cha biashara Uhispania na kudaiwa kodi ya faida. Sisaini, mimi nakata video.

La tatu ndilo lililonitoa jasho. Umejaza fomu 149? Nikamwambia ndiyo kwanza nasikia. Ni fomu ya kuomba utaratibu ambao watu huuita sheria ya Beckham, kwa jina la yule mchezaji wa mpira: asilimia 24 kwa mshahara hadi euro 600,000, badala ya viwango vya kawaida vinavyopanda hadi kupita asilimia 45. Unadumu mwaka unaokuwa mkaazi na mitano inayofuata, mradi hukuwa mkaazi wa nchi hiyo miaka mitano kabla. Dirisha ni miezi sita tangu usajiliwe kwenye hifadhi ya jamii. Yangu ilikuwa imebaki siku 19. Tulituma kwa mtandao Jumanne, kwa cheti changu cha kidijitali ambacho, lazima nikiri, wakala ndiye aliyenisaidia kukipata.

Nilipowaandikia wakala kulalamika, walijibu kwamba kodi haimo kwenye kifurushi nilichonunua. Chini ya barua wakaniwekea punguzo la kuhuisha kibali miaka mitatu ijayo. Nimelihifadhi, maana kwa apostili sijaona wa kuwashinda.