Unga wa uji kwa tumbo sugu: wimbi, unga wa lishe na unga wa matoke katika masoko ya Kampala

Mtu mwenye tumbo sugu akiingia soko la Nakasero, Kalerwe au Owino kutafuta unga wa uji, atakuta aina tatu zinazosifiwa kuwa ni za tumbo: wimbi mtupu, unga wa lishe uliochanganywa nafaka na kunde, na unga wa matoke mabichi, yaani ndizi za kupika, yaliyokaushwa. Tunaupa wimbi mtupu nafasi ya kwanza. Wa matoke unafuata, na unamfaa zaidi mtu anayeharisha. Unga wa lishe tunauweka mwisho, ingawa si unga mbaya, kwa sababu umetengenezwa kwa kazi nyingine. Tumbo lenye ugonjwa sugu linahitaji chakula chenye kitu kimoja ndani yake, ili likichafuka ujue kilicholichafua.

Kabla ya pakiti yoyote, pima. Hakuna unga unaoponya vidonda vya tumbo, hata kama karatasi ya pakiti inasema hivyo. Vidonda vingi vinatokana na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren walimtambua huko Perth, Australia, mwaka 1982 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vingine vinatokana na dawa za maumivu kama diklofenaki, aspirini na ibuprofeni, ambazo watu hununua dukani kama pipi. Bakteria huyo huondolewa kwa antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14. Uji utatuliza maumivu kwa saa moja au mbili tu, na bakteria atabaki palepale.

Omba kipimo cha choo kinachomtafuta bakteria mwenyewe. Kile cha damu hutafuta kinga ya mwili, na kinga hiyo hubaki muda mrefu hata baada ya kupona, kwa hiyo mtu aliyekwisha tibiwa anaweza kuambiwa bado anaumwa na kumezeshwa dozi nyingine bure. Kwa kushauriana na daktari, omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi, iachwe wiki mbili kabla ya kipimo hicho cha choo na antibiotiki wiki nne, la sivyo bakteria hujificha na majibu hutoka safi kwa uongo. Wanaoishi au kufanya kazi kandokando ya Ziwa Victoria, Ziwa Albert au Mto Nile wapimwe pia kichocho cha tumbo, maana nacho huleta maumivu, kuharisha na damu chooni, na dawa yake ni prazikwanteli. Choo cheusi kama lami, damu, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kooni au kuharisha kunakokuamsha usiku ni mambo ya hospitali, na yasisubiri unga.

Yote hayo yakishaangaliwa na tumbo bado linajaa gesi, linauma, choo leo maji na kesho mawe, ndipo unga unapokuwa na maana.

Tuanze na wimbi. Watu wa Ankole na Kigezi wanaujua kwa jina la oburo, na sifa yake kubwa kwa mgonjwa ni kwamba una kiasi kidogo cha zile sukari zinazochachuka haraka kwenye utumbo mpana, ambazo wataalamu wa lishe huziita FODMAP. Orodha ya vyakula vyenye sukari hizo ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, na ndiyo msingi wa lishe inayotumika duniani kwa wenye IBS, yaani utumbo unaouma na kubadili choo bila kidonda wala uvimbe unaoonekana. Vitunguu, vitunguu saumu, ngano, maharage na maziwa vimo upande wa hatari. Wimbi, mtama na mchele vimo upande wa salama. Wimbi pia una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine tulizozoea, miligramu 340 hivi kwa gramu 100, jambo la maana kwa mtu aliyekatazwa maziwa.

Halafu husagwa na ganda lake. Denis Burkitt na Hugh Trowell, madaktari waliofanya kazi miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, walianza hapa Uganda kujiuliza kwa nini magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaa Uingereza yalikuwa adimu kwa watu waliokula vyakula visivyokobolewa. Fikra ya nyuzinyuzi iliyoenea duniani miaka ya 1970 ina mizizi katika wodi zile. Inasikitisha kuona leo mtu wa Kampala akinunua makapi ya ngano yaliyosafirishwa kutoka mbali kwa ajili ya choo, na ngano ndiyo yenye sukari zinazomjaza gesi.

Kasoro za wimbi zinaanzia sokoni. Ya kwanza ni mchanga: nafaka hupurwa na kuanikwa chini, na isipopepetwa na kuoshwa vizuri, unga utasaga meno. Weka chembe kidogo ulimini, tafuna kwa meno ya mbele, utasikia. Ya pili ni muhogo. Kuchanganya wimbi na muhogo ni desturi halali ya kupika kalo, yaani ugali wa wimbi, lakini kuuza mchanganyiko huo kama wimbi mtupu ni udanganyifu. Unga mtupu una rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na ukiusugua kiganjani huacha vumbi la ganda. Ule uliopauka, unaoteleza kama poda na uji wake kuvutika kama gundi, umetiwa muhogo mwingi. Ya tatu ni mashine. Kinu kile kile husaga mahindi, soya na ngano, kwa hiyo mgonjwa anayelipuka kwa ngano kidogo anunue nafaka nzima, aioshe, aianike, na aombe mashine ipitishwe kilo moja ya wimbi kwanza, iwekwe kando.

Nunua unga wa wiki tatu, usizidishe. Mafuta ya nafaka iliyosagwa nzima huharibika kwa joto, na unga uliochacha una harufu ya mafuta ya taa ya zamani na uchungu mwishoni mwa ulimi.

Namna ya kupika ndiyo inayowaangusha wengi. Vijiko vinne vya chakula vya unga, vilivyosawazishwa, kwa nusu lita ya maji. Koroga kwanza unga katika kikombe cha maji baridi mpaka madonge yaishe, mimina kwenye maji yaliyobaki yanayochemka, endelea kukoroga, kisha punguza moto na uache dakika 15 hadi 20. Uji unaonekana umeiva dakika ya tano kwa sababu umekuwa mzito, lakini wanga wa ndani bado mbichi. Wanga mbichi huo hupita utumbo mwembamba bila kusagwa, ukafika chini na kuwa gesi. Watu husema "wimbi unanijaza" ilhali tatizo ni dakika kumi za mkaa walizozibania.

Sukari kijiko kimoja haina shida kwa wengi. Asali ndiyo ya kuangalia, kwa sababu fruktosi yake inazidi glukosi na utumbo nyeti hauinyonyi yote. Tangawizi mbichi kipande cha kidole inafaa kwa kichefuchefu. Maziwa tutayarudia.

Wimbi una madhara kwa baadhi. Aina nyeusi sana ina tanini nyingi, na wenye choo kigumu huweza kufungwa zaidi wasipokunywa maji ya kutosha. Mwenye vidonda vya utumbo mpana vilivyoamka, au utumbo uliobana, apitishe unga kwenye chekeche laini na kuacha ganda mpaka hali itulie. Na mwenye kiungulia asinywe kikombe cha nusu lita saa tatu usiku kisha akalala. Tumbo lililojaa maji mazito husukuma asidi juu. Anywe robo lita, amalize muda wa saa tatu kabla ya kulala, na kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa matofali sentimita 15 hadi 20. Mito miwili haitoshi, inakunja tumbo tu.

Sasa unga wa lishe. Soma karatasi yake: mahindi, soya, wimbi, mtama, karanga, mchele, mbegu za maboga, mukene (dagaa), wakati mwingine mlonge na maziwa ya unga. Kwa mtoto aliyedhoofu au mama anayenyonyesha, huu ni unga wenye thamani, una protini na mafuta mengi kuliko wimbi. Lakini mgonjwa wa IBS anayekunywa kikombe hicho asubuhi na kuvimba saa sita mchana atamlaumu nani kati ya wote hao?

Mtuhumiwa wa kwanza huwa ni soya. Ina sukari za kunde ambazo mwanadamu hana kimeng'enya cha kuzivunja, ni zile zile za maharage ya kikomando, yale yanayoliwa na chapati. Pia isipokaangwa ikaiva, hubaki na vizuizi vya usagaji wa protini. Soya iliyokaangwa kwa haraka unaitambua: uji una ladha ya maharage mabichi na harufu ya majani. Ukiipata hiyo, mrudishie muuzaji.

Mtuhumiwa wa pili ni maziwa. Mwaka 1966 madaktari Cook na Kajubi walichapisha utafiti uliofanyika Uganda, ulioonyesha kuwa watu wa Buganda wengi waliopimwa walikosa kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja sukari ya maziwa, na Wahima wengi, wafugaji wa ng'ombe wa Ankole, walikuwa nacho. Matokeo haya yanajulikana kwa karibu miaka 60, na bado mwenye kidonda cha tumbo mjini Kampala huambiwa anywe maziwa ili kutuliza moto. Maziwa hutuliza kidogo, kisha huchochea tumbo kutoa asidi zaidi, na juu ya hapo humpa gesi asiye na kimeng'enya. Maziwa yaliyogandishwa kienyeji ni afadhali, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari.

La tatu ni ukungu. Mahindi na karanga zisizokauka vizuri hubeba sumu ya aflatoksini, ambayo haionekani ungani na haiondoki kwa kuchemsha. Unga uliochanganywa na kusagwa huwezi kuukagua kwa macho, kwa hiyo angalau tafuta alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, tarehe ya kutengenezwa, na jina la mtengenezaji. Pakiti ya plastiki iliyofungwa kwa moto wa mshumaa, bila tarehe, iache hapo hapo. Na pakiti inayodai kutibu ugonjwa imevuka mpaka wa chakula na kuingia kwenye dawa, ambako mwenye mamlaka ni NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda.

Unga wa matoke ni habari tofauti. Ulipata umaarufu kupitia mradi wa serikali wa ndizi wa PIBID huko Bushenyi, wenye chapa ya Tooke, na sasa wasagaji wadogo nao wanautengeneza. Ndizi mbichi ina wanga sugu, usiosagwa utumbo mwembamba, ambao bakteria wa chini huugeuza kuwa asidi fupi za mafuta zinazolisha ukuta wa utumbo na kuusaidia kunyonya maji. Ndiyo sababu unazuia kuharisha: utafiti wa Dhaka, Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha watoto wenye kuharisha kwa muda mrefu wakipata nafuu haraka zaidi walipolishwa wali uliotiwa ndizi mbichi iliyopikwa.

Kupika hupunguza wanga huo, na uji ukipoa sehemu yake hurudi, kwa hiyo unywe vuguvugu, usiwe wa kuunguza. Wengine huukoroga mbichi kwenye mtindi. Hatuupendekezi kwa mgonjwa: huo ni unga usiopitia moto, una vijidudu, na kijiko kizima siku ya kwanza huleta gesi ya kutisha. Anza na kijiko cha chai kwenye uji, panda hadi vijiko viwili vya chakula ndani ya wiki mbili. Mwenye figo dhaifu amuulize daktari kwanza kwa sababu ya potasiamu. Rangi yake halisi ni ya kijivu inayoelekea kahawia, maana ndizi iliyomenywa hubadilika rangi ikigusa hewa. Mweupe pee utie shaka. Na mwenye choo kigumu asiuguse. Kwa anayekaa Uganda, hata hivyo, fungu la matoke mabichi yaliyofukizwa kwenye majani ya mgomba ni rahisi kulikagua kuliko unga wowote. Yaive kabisa jikoni, yasiwe yameanza kuiva shambani, kwa kuwa ndizi ikiiva sukari zake za kuchachuka huongezeka.

Jaribu hivi. Wiki mbili za kwanza, wimbi peke yake asubuhi, bila maziwa, na mchana chakula kisicho na vitunguu wala maharage: matoke, wali au posho (ugali wa mahindi), mboga ya dodo (mchicha), samaki au yai. Andika kila siku saa ya maumivu na umbo la choo. Ukipata nafuu, rudisha kitu kimoja kwa siku tatu ukiongeza kipimo, mfano maziwa robo kikombe, nusu, kisha kikombe kizima, halafu pumzika siku tatu kabla ya kingine. Usikae kwenye kizuizi zaidi ya wiki sita, maana bakteria wema nao hufa njaa. Usipopata nafuu yoyote kwa wiki sita, tatizo lako haliko kwenye sukari hizi, rudi kliniki.

Wengi huuliza pia kuhusu bushera, kinywaji cha wimbi au mtama kilichochachushwa. Ile tamu ya siku moja ni nzuri kwa wengi, na uchachushaji hupunguza fitati, kitu cha nafaka kinachozuia mwili kunyonya madini ya chuma. Ile kali ya siku tatu nne huchoma wenye kiungulia na vidonda. Ukitengeneza kwa mtama uliomeshwa, ng'oa na upepete mizizi na machipukizi yote kabla ya kusaga, kwa sababu machipukizi ya mtama hubeba sayanidi. Muuzaji akishindwa kukueleza kama aliyaondoa, usinunue jerikeni lake.