Uzoefu wangu na rsync: haifuti mpaka uiambie, ila chunga mkwaju (alama ya /)

rsync ni programu ya kunakili faili kutoka sehemu moja hadi nyingine. Lakini nianze na programu nyingine kabisa, crontab, ya kupanga kazi zijiendeshe zenyewe kwa saa zake, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kuithamini hii. Nilitaka kuandika crontab -e, inayofungua ratiba uihariri, nibadilishe saa ya kazi moja kwenye seva. Kidole kikaangukia R, jirani yake E kwenye kibodi. crontab -r haikuuliza lolote. Ilifuta ratiba yangu nzima na kukaa kimya. Kuna chaguo la -i linaloilazimisha iulize kwanza, lakini nani hukumbuka kuandika -i wakati hajui kwamba anakosea? Logi, yaani kumbukumbu za mfumo, ndiyo iliyoniokoa, maana cron, inayoendesha ratiba hiyo, huandika humo kila amri inayoiendesha. Nilikesha nikiokota mstari mmoja mmoja. Kazi ya kila mwezi haikuwemo kwenye logi zilizobaki, nikaja kuikumbuka mwezi ulipokwisha.

Mistari mingi niliyookota ilikuwa ya rsync, ninayoitumia kwa bakapu. Ipo tangu 1996, kazi ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras, na inaonekana waliokuja kuitunza wameshaona watu wengi wakilia. Usipoweka --delete, chaguo la kufuta kule kisichokuwepo kwenye chanzo, haiondoi faili hata moja kule inakopeleka. Ukiiweka, bado ina breki: ikikutana na hitilafu ya kusoma upande wa chanzo, inaacha kufuta, na mwongozo wake unaeleza sababu, kwamba diski ya mtandao ikiyumba kidogo isije ikakufutia kila kitu. Vilevile faili ulizozitenga kwa --exclude haizigusi inapofuta, mpaka udai --delete-excluded kwa jina lake refu. Hapo ndipo ninapoipenda: jambo la hatari sharti uliandike herufi kwa herufi.

Sasa mkwaju. Tuseme folda ya hifadhi ina picha na barua ndani yake. Ukiandika rsync -a --delete picha hifadhi/, inashughulika na hifadhi/picha tu. Ongeza mkwaju mmoja, picha/, umeiambia kwamba yaliyomo ndani ya picha ndiyo yawe hifadhi yote, na barua zimekwenda. Mwongozo unalieleza hili vizuri, tena kwa mifano, lakini maelezo mazuri hayamsaidii mtu aliyechoka saa nane usiku. Dawa yangu ni -n (jaribio tu) pamoja na -v (eleza unachofanya): inakuonyesha itakachofanya na itakachofuta bila kugusa kitu. Siku hizi sijawahi kuendesha --delete mpya bila kuipitisha hapo kwanza.

Malalamiko mengine mawili. Jina la -a, yaani archive, linakufanya udhani inahifadhi kila kitu, kumbe viungo vigumu (hard links, majina mawili ya faili moja) vinataka -H, na ruhusa za ACL (orodha ya ziada ya nani anaruhusiwa nini) zinataka -A. Limeandikwa wazi, lakini jina lenyewe ndilo linalodanganya. Pia faili iliyoko kule ikiwa mpya kuliko yako, itaandikwa juu bila swali usipoweka -u, inayoiambia iruke faili kama hiyo.

Na ile breki niliyoisifu haioni kitu kimoja: diski ya chanzo ambayo haikuunganishwa. Kwa rsync hiyo ni folda tupu isiyo na hitilafu yoyote, na kwa --delete itahakikisha bakapu nayo inakuwa tupu. Hati zangu za amri sasa huanza kwa mountpoint -q, inayokagua kama diski imeunganishwa, kisha naweka --max-delete, kikomo cha faili zinazoweza kufutwa, nacho ni kidogo.

Kama kuna programu ningependa iigwe, ni wipefs, ya kufuta alama zinazotambulisha mfumo wa faili kwenye diski. Jina linatisha, lakini ukiiendesha kwenye diski bila chaguo lolote inaorodhesha tu alama ilizozikuta. Kufuta ni mpaka uombe, kwa mfano kwa -a.

rsync naipa nyota nne. Kuhusu crontab, kila usiku crontab -l, inayoonyesha ratiba, inamwagwa kwenye faili, na faili hiyo rsync huichukua pamoja na nyingine.